Maneno Niliyompunguzia Bi Tatu

Daktari,

Shikamoo. Sijui kama mtu aliyefariki huamkiwa, na hapa nyumbani siwezi kuuliza bila kuulizwa kwanza kwa nini nataka kujua. Ulipokuwa hai ulikuwa ukiniwahi. Ukishuka tu kwenye gari unasema "shikamoo" kwangu, kwa mama, kwa mlinzi wa chini, kwa mtoto wa jirani mwenye miaka mitatu. Mama alikueleza mara nyingi, mimi nikitafsiri, kwamba mkubwa hamwamkii mdogo. Ulisema umeelewa. Ijumaa iliyofuata ukaanza tena, na ukisha kunisalimia ulikuwa unasimama kidogo ukinitazama, unangoja niitikie. Sikuwahi kuitikia. Ningeanzaje kumwambia marahaba mtu wa miaka themanini na minne?

Naandika kwa Kiswahili ingawa ulijua maneno kama kumi tu, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya chakula. Nilianza kwa Kiingereza, nikachana karatasi mbili. Jambo ninalotaka kukuambia nililifanya kwa Kiswahili, mbele yako, nikidhani huelewi. Nimeona nikiri kwa lugha hiyo hiyo. Labda huko uliko lugha si shida tena. Au labda bado ni shida. Sijui. Tangu ufe, mambo mengi niliyokuwa nayajua siyajui tena.

Acha kwanza nikupe habari.

Wiki saba zimepita. Mwanao, Bwana Martin, uliyekuwa ukiishi naye hapa Doha, alikusafirisha kwenda Uingereza siku ya tatu. Sisi mtu akifa watu hujaa nyumbani, majamvi hutandikwa, sufuria kubwa hutolewa, na hata asiyemjua marehemu anajua pa kukaa. Wewe ulipokufa hakukuwa na mahali pa kwenda. Mama alivaa baibui, akakaa sebuleni, mkoba magotini, kama mtu anayengoja gari, halafu akalivua. Jioni baba alirudi kutoka hotelini Al Sadd, na hata kofia ya mpishi hakuwa amevua, akasema twende tukampe pole kijana. Tukaenda mpaka kwenu, mtaa wa Pearl, tukapanda lifti, tukamkuta "kijana" mwenye mvi anafunga vitabu vyako kwenye maboksi. Alitupa juisi. Mama alimwambia, "Pole sana, baba," nami nikatafuta Kiingereza cha pole nikakikosa, nikasema tuko pamoja naye katika huzuni. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza mama kama angependa kuchukua sufuria zako.

Mama alilia kwenye lifti. Si juu, pale pale kwenye lifti, kati ya ghorofa ya kumi na ya chini, na mlango ulipofunguka alikuwa ameshamaliza.

Ijumaa ya kwanza bila wewe alikaanga vitumbua kama kawaida, ila vingi, akavigawa jengo zima. Waliouliza ni vya nini aliwaambia ni vitumbua tu. Mimi nilimuuliza kama inaruhusiwa kukuombea, kwa kuwa hukuwa wa dini yetu, na sikuwahi kujua kwa hakika ulikuwa wa dini gani. Aligeuza vitumbua vinne kabla ya kunijibu.

"Mimi napika," akasema. "Mengine anayajua Mungu."

Hilo nalo sikulielewa, lakini nilikwenda kugawa.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Unakumbuka ile insha ya shule? Mwalimu alitutaka tuandike maisha ya mtu aliyefungua njia, mtu tuliyeongea naye sisi wenyewe, na wenzangu wakaandika wajomba zao wenye maduka. Mimi nilikuwa nawe. Kila Ijumaa baada ya chai ulikaa kwenye kile kigoda chako cha miguu mitatu, mimi mkekani na daftari, ukanisimulia.

Niliipata picha yako vizuri kabisa, hata leo naiona. Mji mdogo wa viwanda vya nguo huko kaskazini mwa Uingereza, mvua siku zote. Baba yako fundi wa mashine za kufumia. Wewe umepata nafasi ya kusomea udaktari, na darasani mwalimu anaingia anasema "Mabwana," kila asubuhi, na wewe umekaa mstari wa mbele. Nilikuuliza kama ulikasirika. Ulisema ulikuwa na kazi nyingi mno ya kujifunza mifupa, hasira ukaiweka mpaka baadaye.

Kisha wodi ya kwanza. Hapo nilikusimamisha nikidhani sikusikia sawasawa, maana ulisema siku hizo kule kwenu mwanamke akiwa na kansa hakuambiwa yeye. Aliambiwa mumewe. Mgonjwa aliambiwa ana uchovu, ana kidonda kidogo, atapona wakati wa joto. Nilishangaa kwa sababu nilidhani sisi ndio tunaoficha, na Wazungu wanasema. Ukacheka ukaniambia Wazungu walijifunza kusema jana tu, na si wote.

Wewe ulianza kusema. Ndiyo kazi yako yote, ukiitazama: ulikaa, ukanyamaza mpaka mgonjwa amalize, halafu ukamwambia yeye mwenyewe kile ulichojua na kile usichojua. Wakubwa zako walikuwa wanapita wodini wamesimama, msururu mzima, wanaongea juu ya kitanda kana kwamba kitandani kuna begi. Wewe ukaja na kigoda alichokuchongea baba yako kwa mbao za mashine mbovu, ili macho yako yawe sawa na ya aliyelala. Wakakuita mkamua ng'ombe. Ukamwambia ukweli mama mmoja ambaye mumewe alikuwa rafiki wa wenye hospitali, wakakupeleka chumba cha chini kupanga mafaili miaka miwili. Ulitoka huko ukaomba wodi ya wanawake wenye uvimbe, ambayo hakuna aliyeitaka, na kigoda chako. Madaktari wadogo wakaja kujifunza. Baadaye hospitali nyingine zikaweka vigoda. Ukapewa nishani, ukaiweka kwenye droo pamoja na vifungo vya mashati.

Mama alikuwa akikitania hicho kigoda. Alisema, "Muulize Daktari, mbuzi wa kukunia nazi kamwacha wapi?" Nilipokueleza mbuzi yupi, uliinuka ukakikagua kigoda mbele na nyuma, ukasema kweli, baba yako alisahau sehemu muhimu.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Mwalimu akaibandika insha ukutani, karibu na mlango. Mwisho wake niliandika: "Hakuruhusu kamwe mgonjwa adanganywe mbele yake."

Daktari, naipita sentensi hiyo kila siku nikiingia darasani na nikitoka.

Uliisoma kabla sijaipeleka. Ulivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, ukasoma polepole, ukasema ni nzuri, halafu ukasema, "Umeusahau mkono wa sweta." Nikakujibu nafasi haikutosha. Nafasi ilitosha. Niliuacha makusudi.

Mkono wa sweta ulikuwa hivi, na naandika sasa ili uone nilisikiliza. Mwaka wako wa kwanza wodini kulikuwa na mama mmoja mfumaji, na mumewe ameshaambiwa. Yeye anafuma sweta ya kuvaa siku ya kurudi nyumbani. Akakuuliza, wewe uliyekuwa mdogo kuliko wote na pekee uliyekuwa mwanamke, "Daktari, niimalize?" Na wewe ulijua. Ukamwambia, "Maliza, bila shaka." Akafa sweta ina mkono mmoja, na binti yake alikuwa ng'ambo, hakuitwa, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakuona sababu ya kumwita. Uliniambia kila kitu ulichofanya baada ya hapo kilitoka kwenye mkono ule uliokosekana.

Niliuacha kwa sababu niliona aibu kwa niaba yako. Nimefundishwa kwamba ukimsimulia mtu mzima unasimulia mema yake. Nilidhani nakusitiri.

Wiki mbili baada ya hapo ndipo akaja Bi Tatu.

Ulikuwa ukimwona kwa mbali, ukaongea naye mara moja tu, kwa hiyo nikuambie ni nani. Bi Tatu ni wa Pangani, rafiki wa mama tangu tulipofika Doha. Yuko kwenye nyumba ya Waarabu hapa hapa Al Rayyan, analea watoto wanne, na Ijumaa baada ya sala anapewa ruhusa mpaka magharibi. Ni mtu wa maneno. Mimi ananiita wakili wa Mzungu. Wanawake wengine walikuwa wakikuletea miguu na migongo yao, nawe unawaambia kila mmoja kwamba hapa wewe si daktari tena, ni bibi kizee mwenye masikio, na unawaonyesha waende wapi. Yeye alikuwa akiwacheka. Siku hiyo hakucheka. Alimnong'oneza mama, mama akatupeleka chumbani, akarudi jikoni kuangalia mafuta yasiungue. Tukabaki watatu.

Ulimpima ziwa la kushoto. Mimi nilikuwa natazama kalenda ukutani, naisoma tarehe moja baada ya nyingine, kwa sababu sikujua pengine pa kuyaweka macho. Kisha ukavuta kigoda, ukakaa, ukamtazama yeye, si mimi. Ulisema, nakumbuka yote: "Kuna uvimbe. Lazima uonekane hospitali wiki hii. Huenda ni kitu kisicho na madhara. Huenda ni kansa. Mimi sijui, na hakuna anayeweza kujua kwa kugusa tu. Ikiwa ni kansa, kuiwahi ni bora sana kuliko kuichelewa." Halafu ukanigeukia ukasema, "Mwambie yote. Hasa kwamba sijui."

"Haya, wakili," akasema Bi Tatu. Alikuwa anafunga vifungo vyake na hakuniangalia. "Mzungu wako kasemaje?"

Bi Tatu ni rika la mama. Alinibeba mgongoni nilipokuwa na homa mwaka ule wa kwanza. Ningemwambiaje neno lile, mimi, juu ya kifua chake? Nikasema, "Daktari anasema ukipata nafasi upite hospitali wakuangalie. Si jambo la kutisha."

"Haya mwanangu," akasema. "Ahsante."

Ukanitazama. Ukauliza kama hayo ndiyo yote. Nikasema ndiyo. Ukasema, "Kiswahili kimekuwa kifupi leo." Nikacheka, Daktari. Nilicheka. Tukatoka tukala vitumbua.

Jumanne Bwana Martin akapiga simu kwamba ulipata kiharusi asubuhi na hukuamka.

Kwa muda nilijiambia nitamwambia Bi Tatu ukweli Ijumaa hii, halafu Ijumaa hii, na kila alipokuja alikuwa mchangamfu, anatania, na mimi nikaona labda amekwenda hospitali mwenyewe, labda hakuna kitu. Sikumuuliza. Nikimuuliza atajua kulikuwa na la kuulizwa. Nilikuwa nahesabu vitumbua alivyokula. Akila vitatu nafurahi.

Wiki iliyopita Bwana Martin alileta boksi. Hakupanda juu, alimpa mlinzi. Ndani kulikuwa na kigoda na daftari lako la Ijumaa, na kikaratasi: kwa msichana aliyekuwa akimsemea mama yangu. Kigoda nilikiweka karibu na mashine ya kufulia. Daftari nililiogopa siku mbili. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho.

Mwandiko wako ni mbaya sana, samahani kusema. Nilichukua saa nzima. Umeandika:

"Bi T. Uvimbe kushoto, mgumu, hausogei. Nilisema yote. R. hakusema yote. Niliona kwenye nyuso zao wote wawili. Ana miaka kumi na nne. Kosa ni langu, nimemvika mtoto koti langu. Leo basi. Ijumaa niulize tena. Nitafute mtu mzima wa kutafsiri."

Ulijua.

Nimelisoma mara nyingi mpaka sijui tena linasema nini. Ulijua, ukala vitumbua, ukamwambia mama vina iliki nzuri. Wewe uliyefungiwa chumba cha chini miaka miwili kwa sababu ya kusema, ulimwacha Bi Tatu aende nyumbani na uongo wangu. Kwa nini? Ulichoka? Ulinihurumia? Kama ulinihurumia mimi, nani alimhurumia yeye? Na ule mstari wa mwisho, nitafute mtu mzima, siku nyingine nausoma naona umenisamehe, siku nyingine naona umenifukuza kazi. Nimekasirika nawe. Sikujua mtu anaweza kumkasirikia marehemu na huku anamlilia. Nilitaka kukuuliza, na wewe ndiye mtu pekee ambaye siwezi kumuuliza.

Nilimwendea mama. Alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza yote, tangu neno la kwanza, na nilingoja anigombeze. Alikunja shati la baba, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hata mimi ningepunguza," akasema.

Kisha akasema atamwambia yeye, ni mtu mzima mwenzake. Nikamwambia hapana. Nilisema kwa sauti ambayo siitumii kwa mama, akaniangalia. Alisema tu, "Basi usimwambie umesimama."

Kwa hiyo juzi Ijumaa nilikitoa kigoda. Bi Tatu alikuwa chumbani, ameegemea mto, feni inampepea kwa kuwa kiyoyozi kimeharibika tena. Akaniona naingia nacho.

"Eh, wakili. Leo unakuna? Nazi iko wapi?"

Nilikaa. Ni kifupi kile kigoda, magoti yanakuja juu, na ukishakaa huwezi kuinuka haraka. Sasa najua kwa nini ulikipenda. Nikamwambia kwamba siku ile nilipunguza maneno. Nikayasema yote kama ulivyoyasema wewe, kwa mpangilio ule ule. Nilipofika kwenye neno kansa sauti ilinikatika, nikarudia neno. Nikasema pia kwamba hukujua. Kwamba ulitaka ajue kwamba hukujua.

Alikuwa anausokota upindo wa kanga. Nje mtoto wa jirani alikuwa anagonga mpira ukutani, tukausikia mara nyingi.

"Nilijua, Rehema," akasema. "Miaka minane naishi na watoto wanaoongea Kiingereza cha katuni. Hospitali nalijua. Wiki hii nalijua. Na kansa ni kansa kila mahali."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikuona unavyohangaika na ile kalenda. Nikasema, mtoto wa watu, mwache apite." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Halafu na hilo lako nililipenda zaidi."

Wewe ulijua kwamba nimepunguza. Yeye alijua kilichopunguzwa. Mimi nilijua vyote viwili huku nikijisahaulisha. Wote watatu tulikaa kwenye chumba kimoja tukiwa na adabu, na baadaye tukala. Nilimuuliza kama uvimbe umekua. Akasema labda, au labda mkono wake ndio umezoea kuutafuta.

Anaogopa kurudishwa Pangani wakijua anaumwa, Daktari. Hilo ndilo alilokuwa amelificha chini ya mizaha yote. Mwanawe anasoma, amebakiza mwaka, na yeye alikuwa amepanga kuumwa baada ya hapo. Ndivyo alivyosema, kama mtu anayepanga likizo. Nilitaka kumwambia haitakuwa hivyo, hatarudishwa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, mafupi. Nikayameza. Nikasema, "Hilo sijui, Bi Tatu. Twende tukamuulize madamu wako."

Tukaenda siku ile ile, kabla ya magharibi. Mama, Bi Tatu, mimi. Madamu wake alitupokea mlangoni, mwanawe wa mwisho yuko kiunoni. Nilieleza kwa Kiingereza, na hapa sikupunguza chochote. Alikasirika. Alimkaripia Bi Tatu kwa Kiarabu, kwa haraka, na mimi Kiarabu changu ni cha darasani, nikadhani mambo yameharibika. Kumbe alikuwa anamuuliza kwa nini amekaa wiki saba analala chini ya paa lake na jambo hilo bila kumwambia. Yule mtoto aliona mama yake anafoka, akanyoosha mikono kwa Bi Tatu, akahamia kwake. Jumapili asubuhi madamu mwenyewe akawasha gari.

Hapa Jumapili ni siku ya masomo, lakini shule nilipewa ruhusa. Hospitalini kulikuwa na daktari mwanamke, kijana, anaongea Kiingereza cha kwao na mimi cha kwangu, tukaelewana. Wamechukua kinyama kidogo kwa sindano. Alisimama muda wote, maskini, ana wagonjwa wengi. Bi Tatu akamuuliza kupitia kwangu ni kitu gani. Akajibu hawezi kusema mpaka majibu yatoke. Nilitafsiri. "Anasema hawezi kusema mpaka majibu yatoke." Nikahesabu maneno, niliyopewa na niliyotoa. Hayakupungua.

Mambo ya kurudishwa, madamu hajasema ndiyo wala hapana. Amesema tumalize hili kwanza. Kwa hiyo hilo nalo bado hatulijui.

Majibu ni Alhamisi. Leo ni Jumanne. Ndiyo sababu naandika leo. Nilitaka kukuandikia kabla sijajua mwisho, kwa sababu yakiwa mazuri nitaanza kusema nilivyokosa haikuwa kitu, na yakiwa mabaya nitashindwa kuandika. Nataka usome hili nikiwa hapa katikati.

Jana nilimwomba mwalimu anishushie insha ukutani. Aliniuliza kwa nini niharibu kazi iliyopata alama nzuri. Nikamwambia haijaisha. Nimeandika mkono wa sweta kwenye nusu karatasi, nimeugandisha chini kwa gundi, na ile sentensi ya mwisho nimeipiga mstari. Nimeandika badala yake kwamba ulidanganya mara moja mwanzoni na ukaacha jambo lipite mara moja mwishoni, na kwamba katikati kuna miaka zaidi ya hamsini. Mwalimu aliisoma. Ameirudisha ukutani. Sasa imezidi upande mmoja, inaning'inia, na feni ikipita inapepea.

Sijui kama nimekutendea haki. Naogopa nimekuvunjia heshima. Lakini wewe ndiye uliyeniuliza mkono uko wapi.

Sijamwambia mtu yeyote kwamba nataka kuwa daktari. Sina hakika, na hisabati zangu unazijua. Nimesema tu kigoda kisiwekwe karibu na mashine ya kufulia, mbao zitavimba kwa maji. Kiko chini ya kitanda changu. Mama amesema akipata mbuzi atanipigilia.

Daftari lako nimeliendeleza mstari mmoja tu. Chini ya maneno yako nimeandika tarehe, na: "Ijumaa. Nimemuuliza tena." Nilitaka kuandika zaidi, nikaona wewe usingeandika zaidi.

Nakuahidi hivi. Alhamisi nitakuwepo. Kigoda nitakwenda nacho kwenye mfuko, wanicheke. Nitakaa kwanza, halafu ndipo nitamwambia yatakayosemwa, yote, mazuri au mabaya, na nikifika mwisho wa ninachojua nitamwambia hapo ndipo mwisho. Kisha nitanyamaza mpaka amalize yeye. Na akisema anataka mtu mzima, nitampisha mama, sitanuna.

Nenda salama, Daktari. Kule ulikozikwa sikujui, lakini naambiwa kuna mvua, utakuwa umeizoea.

Miaka miwili umenisalimia kila Ijumaa, ukasimama ukanisubiri. Mama akijua atanigombeza.

Marahaba.

Rehema